Waksi kwenye Paa la Gari la Harusi

Katesh ina magari ya kila aina, mengine yamechoka kuliko wenye nayo, lakini gari lenye paa la kitambaa lilikuwa moja tu. Lilikuwa la Mzee Tawakali, muuza vitenge na magodoro, aliyelinunua Arusha kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na hakuwahi kueleza vizuri kwa nini alilinunua. Lilikuwa jekundu, fupi, la milango miwili, na paa lake jeusi la kitambaa kizito ukilibonyezea kitufe lilijikunja lenyewe likaenda kulala nyuma ya viti. Mji wenye upepo na vumbi kama Katesh hauna haja na gari la namna hiyo. Labda ndiyo maana kila bibi harusi alilitaka.

Mzee Tawakali alilikodisha kwa masharti. La kwanza, gari halishuki kwenye lami. Bibi harusi anayepelekwa Masakta au Balangdalalu husindikizwa nalo kwa mbwembwe zote hadi pale lami inapomwacha, kisha anahamishiwa kwenye pikapu na gauni lake, akaze moyo. La pili, hakuna mtu wa kuliosha ila Justina.

Justina alikuwa na eneo lake la kuoshea magari kando ya barabara ya Singida, chini kidogo ya stendi. Palikuwa na tangi la maji, mashine ya presha, brashi zilizotundikwa kuanzia laini hadi ngumu, na bango lililosema MAMA IRENE OSHA GARI. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyemwaga maneno. Madereva wa malori walimwogopa kidogo, naye hakuona sababu ya kuwatoa hofu.

Alizaliwa Balangdalalu, kwa Wabarbaig wenye ng'ombe. Mama yake alisifika kwa ngozi. Sketi ya ngozi ikishonwa kwa ajili ya msichana anayekaribia kuolewa, yeye ndiye aliyeitwa kuipaka samli, naye aliipaka kwa viganja, kutoka juu kwenda chini, mpaka ngozi ikalegea. Alikuwa na desturi moja ambayo Justina hakuiona kwa mwanamke mwingine yeyote. Samli iliyobaki mikononi hakuifutia kwenye majani wala kwenye nguo yake. Alimwita msichana mwenye sketi akamfuta nayo shingoni, upande huu na upande huu, bila kusema neno. Kisha akaendelea na shughuli zake.

Sketi ya Justina mwenyewe ilishonwa, ikapakwa, ikatundikwa ukutani imsubiri. Hakungoja kuitwa kuivaa. Aliondoka na Emanuel, Mwiraki, dereva wa lori la ngano, akabatizwa, akafunga ndoa kwa gauni la kuazima. Mama yake hakuja kanisani na Justina hakwenda kumwomba radhi. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze, na wote wawili walijua sana kusubiri. Miaka ikapita hivyo mpaka mama akafa. Ndugu waliotoka msibani walisema sketi bado ilikuwa imetundikwa palepale, na ilikuwa laini. Maana yake kuna mtu alikuwa anaendelea kuipaka. Justina aliipata habari hiyo akiwa anaosha basi. Alimaliza kuosha basi.

Sasa alikuwa mjane, na mtoto wake wa pekee, Irene, muuguzi wa Babati, alikuwa anaolewa na Patriki, mwalimu, mtoto wa Tumati kule Mbulu. Kabla kamati ya harusi haijakaa hata kikao cha kwanza, Irene alimketisha mama yake.

"Mama, nina ombi moja tu. Mambo ya samli na ngozi, naomba yasiwepo. Watu wa Tumati wanasema sana."

"Wanasema nini?"

"Unajua wanachosema."

Justina alijua. Wairaki na Wabarbaig wameibiana ng'ombe na kuoleana mabinti tangu enzi za mababu, na kuoleana huko hakujawahi kumaliza maneno ya ng'ombe.

"Sawa," alisema.

"Hata kidogo, mama. Hata kidole."

"Hata kidole. Nimekupa neno langu."

Na neno lake alilishika. Sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilipita, na wanawake wa Balangdalalu waliokuja walipewa soda na viti vizuri na hakuna aliyeruhusiwa kutoa kibuyu cha samli. Mmoja alimuuliza Justina kwa Kibarbaig kama mtoto huyu anaolewa mkavu hivihivi. Justina alimwongezea wali.

Basi Alhamisi, harusi ikiwa Jumamosi, gari la Mzee Tawakali lililetwa kuoshwa. Justina aliliosha kama anavyoosha siku zote, akalikausha, akafungua kopo la ile nta ya kung'arishia bodi ambayo waosha magari wote huiita waksi. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, inanukia machungwa. Akaipaka kwenye milango, kwenye boneti, akasugua mpaka wekundu ukawaka. Kilichobaki kilikuwa paa.

Wapo watakaosema mkono uliteleza. Mkono wa Justina ulikuwa hautelezi. Paa lile alikuwa amelihudumia miaka, kwa maji na brashi laini, basi, na alijua vizuri kwamba waksi ni ya bati na haina kazi kwenye kitambaa. Lakini lilikuwa limekauka kwa jua, limepauka kwenye mikunjo, na chini yake ndipo mtoto wake angekaa akipelekwa kwa watu. Akaliangalia. Akajiambia kwamba hii si samli, na lile si ngozi, na ahadi ilikuwa ya samli na ngozi. Mtu akianza kujitetea mbele ya nafsi yake kama wakili, ujue ameshaamua.

Akaweka dodoki chini. Akachota waksi kwa viganja vyote viwili, akalipaka paa kutoka mbele kwenda nyuma, polepole, mpaka likalegea na kung'aa. Alipomaliza, mikono yake ilikuwa bado imejaa. Akasimama nayo hivyo hewani, hajui aipeleke wapi. Mwisho akaifuta kwenye aproni, akalifunika gari, akaenda nyumbani. Siku hiyo alilala vizuri kuliko siku zote tangu maandalizi yaanze.

Asubuhi ya Ijumaa alivuta turubai akaona alichofanya. Waksi ilikuwa imekaukia ndani ya nyuzi. Paa zima lilikuwa na michirizi myeupe, mitano mitano, jinsi vidole vilivyopita, na kwenye mishono weupe ulikuwa mzito kabisa kama unga uliosahaulika kwenye kinu. Akamwaga maji ndoo nzima. Maji yakateleza yakaanguka chini, weupe ukabaki palepale.

Hakuogopa gari. Gari lina mwenyewe, na mwenyewe ni mtu wa kuzungumza naye. Alichoogopa kilikuwa kinashuka kwenye bajaji wakati huohuo.

"Shikamoo, mama," alisema Irene. Alikuja kuliona gari, amefunga kitambaa kichwani kwa sababu mchana alikuwa na miadi ya nywele saluni kwa rafiki yake Shamimu.

"Marahaba."

Irene akalizunguka gari. Aliposimama upande wa dereva akaiona michirizi, na kwa kuwa hakuwa mjinga, akaviona na vidole.

"Nani amepaka hii?"

"Mimi."

"Bahati mbaya?"

Hapo Justina angeweza kusema ndiyo, na jambo lingeishia hapo.

"Hapana," alisema.

Irene akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia. "Uliniahidi hata kidole."

"Nilitumia viganja."

Ulikuwa ukweli tu, lakini Irene alidhani ni mzaha, na ulimuuma kuliko paa lenyewe. Akazungumza kwa sauti ya chini, sauti ya wodini, ile wanayotumia kumwambia mtu majibu mabaya.

"Mama, mimi nilikuomba kitu kimoja. Sikukuomba chakula, sikukuomba kitenge. Sasa sikiliza. Kesho nitavalia kwa Shamimu, na nitatokea hukohuko kwa Shamimu. Patriki atanifuata na gari la kwao. Nyumbani sitapita."

Bibi harusi kutokea nyumba ya mtu baki, na mama yake yu hai, tena mtaa uleule, ni jambo ambalo Katesh ingelizungumza hadi mvua za mwakani. Justina hakuijali Katesh sana. Aliyemfikiria ni mwanamke aliyebaki Balangdalalu akiipaka sketi isiyo na mtu. Mtoto akishaondoka kwa hasira, anafika haraka. Kurudi ndiko kusiko na barabara. Yeye mwenyewe alikuwa ameijaribu safari hiyo na hakuwahi kurudi. Moyo ulimshuka, na aliona uchungu hasa, lakini usoni alibaki vilevile, kwa kuwa huo ndio uso aliokuwa nao.

"Nimesikia," alisema. Akachukua brashi laini kuliko zote, akaanza.

Mzee Tawakali alikuja akiwa na kanzu yake ya Ijumaa. Justina akamwamkia, naye akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa juu ya paa.

"Mama Irene, hii ni nini?"

"Ni waksi, mzee."

"Juu ya kitambaa?"

"Juu ya kitambaa."

Mzee akamwangalia mama, akamwangalia binti juu ya ndoo, akavuta pumzi. "Gari linatakiwa kesho asubuhi. Mwenye harusi ni wewe, mwosha gari ni wewe. Sasa nimgombeze nani? Mimi nakwenda msikitini. Nikirudi nataka nione paa jeusi. Na petroli isiguse hapo, chini ya kitambaa kuna mpira."

Akaenda. Dereva mmoja wa lori, aliyekuwa amefungua mdomo kushauri petroli, akaufunga.

Justina alilipiga paa brashi kavu kwanza, kwa upande mmoja, bila kurudi nyuma. Vumbi jeupe likatoka likachukuliwa na upepo wa mlimani. Kisha akachanganya maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche iliyokunwa, povu dogo tu, akasugua kipande kwa kipande na kusuuza. Kitambaa kilipolowa kikawa cheusi, kizuri, mtu angeshangilia. Justina hakushangilia. Kilipokauka, michirizi ilirudi, imefifia, lakini ni ileile, na mishono haikuwa imebadilika hata kidogo.

Irene alikuwa bado kwenye ndoo. Kuondoka angeweza, lakini kuna watu hawawezi kuangalia kazi ikifanyika bila kuingiza mkono, na hilo hakulirithi kwa baba yake.

"Maji ya moto kabisa?" aliuliza, akiangalia pembeni.

"Yatayeyusha, halafu yataizamisha ndani zaidi."

"Nina spiriti kwenye begi."

"Jaribu chini huku, pasipoonekana."

Irene akalowesha pamba, akagusa ukingo wa nyuma, akaiangalia pamba. Ilikuwa imebeba rangi nyeusi ya kitambaa. Akaifunga chupa akairudisha kwenye begi. Lakini hakurudi kwenye ndoo.

Aliyewaokoa ni Shamimu, binti wa Mzee Tawakali, mwenye saluni ng'ambo ya barabara. Alikuja kuuliza kwa nini kichwa cha bibi harusi hakijafika.

"Shikamoo, mama. Irene, nakusubiri wewe mpaka lini?" Halafu akaona paa, na akaona nyuso. "Haya. Harusi ni kesho. Ugomvi si mnaweza kuendelea nao huku mnafanya kazi?"

Justina alikuwa anamwangalia, na alichokuwa anakiangalia hasa ni mkono wa Shamimu, ambao ulikuwa umetoka saluni na kitana.

"Mwanangu, ile draya yako ya nywele ina moto mdogo?"

"Ina moto wa namna tatu."

"Niazime. Nataka ule mdogo kabisa."

Wakavuta waya wa umeme kutoka saluni, ukapita juu ya barabara umefungwa kwenye nguzo ya bango, na bodaboda wakauinamia kwa heshima. Irene alishika draya. Justina alishika kipande cha kanga kuukuu, laini, isiyotoa nyuzi. Irene anapuliza joto mahali pamoja mpaka waksi inalainika, Justina anabonyeza kanga juu yake, anahesabu kimoyomoyo, anainua. Kwenye kanga panabaki doa la mafuta. Anageuza upande safi, wanasogea. Hakusugua hata mara moja, maana kusugua kunairudisha.

Kazi ilikwenda, na kwa muda hawakuongea ila maneno ya kazi. Sogeza. Hapo tayari. Usikaribishe sana. Kanga ya kwanza iliisha sehemu safi, ikafuata ya pili, kisha shuka la zamani la Emanuel, lililokatwa vipande. Walipofika kwenye mishono Irene alisimamisha draya.

"Sioni kitu. Kikiwa cha moto chote ni cheusi."

"Joto linadanganya macho," alisema Justina. "Tumia kiganja. Palipo na waksi patakushika kidogo. Ukisikia panakushika, bado."

Irene akaweka kiganja. Akakipitisha juu ya mshono, polepole, kutoka mbele kwenda nyuma, akasimama. "Hapa."

"Ifute hiyohiyo kwa mkono. Shuka haliingii hapo."

Wakabadilishana. Mama akashika draya, binti akaenda na mshono wote kwa vidole, akitoa waksi laini kidogo kidogo, akiikusanya kiganjani, akirudia, akisikiliza kwa ngozi. Alikuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo. Justina aliuona mkono huo na akaujua ni wa nani.

Wakati fulani Irene alisema, bila kuinua kichwa, "Ile sketi yako. Ni kweli ilikuwa laini?"

"Ndivyo walivyosema."

"Hukwenda kuichukua?"

"Ningeichukua nimpe nani?"

Irene akaendelea na mshono.

Wakamaliza kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini, wakasuuza, wakaliachia paa upepo. Safari hii lilikauka jeusi. Mzee Tawakali aliporudi na kanzu yake alilizunguka mara mbili, akapitisha kidole kwenye mshono, akanusa kidole, akasema Alhamdulillahi, akaenda dukani kwake. Kwa Mzee Tawakali hiyo ilikuwa hotuba ya sifa.

Justina akaleta beseni na sabuni. "Nawa. Shamimu anakungoja."

Irene hakutia mikono majini. Alikuwa ameinyoosha mbele yake, inang'aa mpaka kwenye vifundo, myeupe katikati ya vidole. Akainusa.

"Inanukia machungwa."

"Ndiyo iliyokuwepo."

"Bibi alikuwa anafutia wapi vile?"

Justina akaonyesha kwenye shingo yake mwenyewe, upande huu na upande huu. Alikuwa makini asimguse mtoto. Alikuwa ametoa neno, akalivunja mara moja, na hakutaka kulivunja mara ya pili siku ileile.

"Kwa mkono wa nani? Wa mwenyewe au wa mama?"

"Wa mama."

Irene akatazama barabarani. Hapakuwa na mtu wa Tumati. Akakamata mikono ya mama yake, akaipaka waksi iliyokuwa kwenye yake mpaka ikagawanyika sawa, kisha akafungua kifungo cha juu cha blauzi.

"Nilikuahidi," alisema Justina.

"Uliniahidi mimi. Nimekuachia ahadi hiyo. Fanya haraka, Shamimu anakuja."

Justina akamfuta shingoni, upande huu na upande huu, bila kusema neno. Macho yalimjaa, akayaacha yajae. Kisha akamfunga kifungo, akageuka, akaanza kukunja waya wa umeme.

Jumamosi Irene alitokea mlangoni kwa mama yake, mbele ya watu wote, akapanda gari jekundu paa likiwa limefungwa, kwa sababu upepo ulikuwa mkali na alisema hataki lifunguliwe. Pale njia ya Mbulu inapoachana na lami, wanawake wa Tumati walimpokea, wakamkumbatia mmoja mmoja, wakamhamishia kwenye gari la kwao. Wawili walibaki nyuma kidogo wakiulizana ni manukato gani hayo ya Babati yanayonukia machungwa. Justina, aliyekuwa amekuja kumsindikiza, alikuwa amesimama karibu yao, na hakuwaambia.